Kurasa za nyuma za daftari la mavyaa: kisa cha mlezi asiyekuwa na faili

Nani ni nani

Kisa hiki kimetoka dispensari moja upande wa Kisauni, Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, na nimebadilisha umri, biashara na vitu vingine vidogo vidogo ili mtu wa mtaa akisoma asianze kunyoosha kidole. Majina sitoi. Nitawaita kwa nafasi zao nyumbani: mavyaa, yaani mama mkwe, ndo mgonjwa, na mkazamwana, mke wa mwanawe, ndo anayemlea. Mimi ni klinikal ofisa, na ndani ya kisa hiki nimekosea mara tatu, zote nitazisema.

Mavyaa ana miaka 66. Ana presha na sukari ya siku nyingi, na mwaka mmoja na kitu kabla ya haya alipata stroki, upande wa kulia ukapooza, maneno yakabaki machache ila akili iko pale pale, anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu (hili liweke kichwani, litarudi). Alilazwa wiki mbili kisha akaruhusiwa na karatasi ya dawa na maneno "mfanyieni mazoezi". Nani amfanyie, vipi, mara ngapi, hakuna aliyesema.

Mkazamwana ana miaka 38, watoto watatu wa shule, anapika mahamri na mbaazi anauza asubuhi nje ya geti. Mume ni dereva wa lori, anabeba mzigo kutoka bandarini mpaka Malaba, mpakani na Uganda, na kuvuka, nyumbani yuko siku nne tano kwa mwezi. Mawifi ni wawili, mmoja Mtwapa mwengine Nairobi, wakipata wanatuma kwa M-Pesa, na wakituma lazima wapige simu kuuliza imenunua nini.

Miezi tisa dirishani

Kila mwezi mkazamwana alikuja kuchukua dawa za mavyaa. Mgonjwa mwenyewe hakuja, manake kumtoa ndani ni tuktuk na vijana wawili wa kumbeba na hela ya kuwapa. Alikuja na daftari. Huku kwetu wagonjwa wengi wanatembea na daftari la shule la kurasa 32, historia yote imo humo, na la mavyaa lilikuwa limevikwa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita. Ndani, mwezi baada ya mwezi, mstari ule ule: dawa zimechukuliwa na jamaa, hali nzuri. Tunauliza anaendeleaje, anajibu alhamdulillah, tunapiga muhuri, aje anayefuata.

Miezi tisa, na hakuna aliyeandika huyo "jamaa" ni nani.

Mwezi wa kumi CHP wetu (hawa wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari mwaka 2023) alipita nyumba kwa nyumba, akampima mavyaa akakuta 192/108, akangoja kidogo akapima tena ikatoka pale pale, akanipigia. Kesho yake mkazamwana akaja na daftari la mavyaa na mimi, Mungu anisamehe, nikamkaripia mbele ya foleni. Nikamuuliza hizi dawa unampa au unaziweka kabatini? Akasema nampa. Nikamwambia haiwezekani uwe unampa na presha iwe hivi. Akainamisha kichwa, akawa anachezea ncha ya mtandio. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Nikageuza daftari kutafuta ukurasa mtupu, likanifungukia kwa nyuma. Huko nyuma kulikuwa na miandiko mitatu tofauti, tarehe tatu, zote ndani ya miezi mitano. Maumivu ya kiuno, amepewa diclofenac. Kichwa na kizunguzungu, presha 152/96, paracetamol, arudi kupimwa. Kukosa usingizi na tumbo kuwaka, omeprazole. Nikamuuliza haya ya nani, manake mavyaa hajakanyaga hapa.

"Yangu. Sista aliniandikia hapo nyuma sababu sikuja na langu." Akanyamaza kidogo. "Langu hata sina."

Yaani mara tatu alikuja kama mgonjwa, presha imepanda na imeandikwa kwa kalamu ya mmoja wetu, na mara zote tatu tukamrudisha nyumbani na vidonge kwenye bahasha. Hakuna aliyeunganisha kiuno na kichwa na usingizi, manake kila mmoja alifungua ukurasa wake akaandika akafunga.

Jana usiku

Chumba cha chanjo kilikuwa kitupu, tukaingia humo. Nikamuuliza, na wewe je, uko sawa? Niko sawa. Unahitaji msaada gani? Dua tu daktari.

Ndivyo watu wanavyojibu, na ukikaa ukafikiri utaona ni jibu la akili. Kumlea mzazi ni kutafuta radhi, na mkazamwana akilalamika hata nusu neno litafika Mtwapa kabla ya magharibi. Tena "unahitaji msaada gani" kwa mtu wa foleni ni swali la watu wanaopita na fomu, wanaandika jina, hawarudi.

Kulikuwa na sista mmoja wa makamo anapanga vichupa vya chanjo kwenye friji. Hata hakugeuka. Akamuuliza, "Mwanangu, jana usiku umeamka mara ngapi?"

"Jana? Mara nne."

"Kufanya nini?"

Bas, hapo ndo yakamwagika, na nilichosikia ndani ya dakika kumi kilinifundisha kuliko semina nyingi nilizokaa. Asubuhi yake yote ni mahamri. Usiku anakanda unga, saa kumi alfajiri yuko kwenye karai, saa kumi na mbili wateja wako getini, watoto wanatoka na sare. Mikono yake inakuwa huru baada ya isha tu, kwahiyo dawa zote za mavyaa, asubuhi na jioni, alikuwa anampa kwa mpigo saa tatu usiku. Kwenye bahasha tulimwandikia 1x1, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, saa hatukuandika. Na ndani ya hizo dawa iko hydrochlorothiazide, ile ya kukojoza. Sasa mpe mtu dawa ya kukojoza saa tatu usiku uone. Atakojoa mpaka alfajiri, na huyu hawezi kuinuka, kwahiyo anayeinuka ni mwengine. Pampasi ya usiku ilikuwa moja zikawa tatu. Mkazamwana akapiga hesabu zake: dawa hiyo akaiacha, na maji ya kunywa akaanza kumpimia, kikombe asubuhi kikombe mchana, baada ya alasiri hakuna. Presha ikapanda. Choo kikafunga. Mkojo ukawa mchache, wa rangi ya chai ya rangi, na unanuka. Na bado anaamka mara nne, sababu hospitali walimwambia mgonjwa asilale ubavu mmoja zaidi ya saa mbili, na neno hilo alilishika kama sheria.

Na huyu ndiye niliyemkaripia mbele ya watu.

Tulichoamua siku ile na kwa nini

Kwanza nikamtuma kijana wa usafi dukani, daftari shilingi 20, tukaandika jina lake juu. Inaonekana kitu kidogo lakini bila daftari hakuna pa kuandika presha yake, hakuna tarehe ya kurudi, na siku sipo mimi mwengine hatajua kama kuna mtu. Presha siku hiyo 156/98. Sikumpa dawa hapo hapo, alikuwa ametoka kukaripiwa na hajalala, nikamwambia arudi mara mbili wiki hiyo. Zikatoka juu ya 150 zote mbili, na ukijumlisha na ile 152/96 ya zamani sikuwa na sababu ya kungoja tena, nikaanza amlodipine miligramu 5.

Tukafanya PHQ-9, maswali tisa ya huzuni na usingizi na hamu ya chakula, alama zinaanzia 0 mpaka 27. Akapata 13, yaani huzuni ya kiasi cha kati. Swali la tisa ni la kutamani kufa au kujidhuru, na wengi wetu tunalipita haraka haraka kwa aibu. Sista akalisoma polepole. Akajibu, "Kujiua hapana, hilo haramu. Lakini kuna siku nalala nikiomba nisiamke, nipumzike tu." Tukamuuliza wazi wazi kama amewahi kupanga namna au kuweka kitu, akasema hapana. Tukakubaliana arudi baada ya siku tatu, CHP apite kati kati, na nikamwandikia barua kwa nesi wa afya ya akili hospitali ya juu yetu. Alienda mara moja. Nauli na foleni ndo zikamkatisha hapo.

Dawa za mavyaa tukazipanga kwa siku ya mlezi. Nikamuuliza asubuhi lini unakaa karibu naye hata dakika tano, akasema saa mbili, mahamri yakiisha, namlisha uji. Basi dawa ya kukojoza na nyingine za mara moja zikahamia kwenye uji. Bahasha mpya hatukuandika 1x1, tukaandika "na uji wa asubuhi". Maji yarudi mchana kutwa, yapungue baada ya magharibi tu. Mkojo tukaupima, ulikuwa na maambukizi, tukatibu.

Zarit iliyokufa swali la nne

Wiki iliyofuata tukaenda nyumbani, mimi na CHP na fizio mmoja (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) aliyekubali kuja kwa hisani. Nilikwenda na karatasi ya Zarit. Ni dodoso la mzigo wa mlezi, lina asili ya Marekani mwaka 1980, toleo linalotumika sana lina maswali 22, kila moja 0 mpaka 4, jumla 88. Nililitafsiri mwenyewe usiku nikaona niko sawa.

Nikaketi kwenye stuli pembeni ya kitanda nikaanza. Matatu ya mwanzo yakaenda. La nne linauliza kama unaona haya kwa mambo anayofanya mgonjwa wako. Mkazamwana akatazama kitandani. Mavyaa alikuwa macho, anatutazama sote wawili. Akajibu kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, "Hata kidogo! Huyu mamangu." La tano linauliza kuhusu hasira. "Hata kidogo." Kuanzia hapo kila kitu kikawa sifuri, na kama ningeendelea mpaka 22 ningetoka na karatasi inayosema nyumba hii haina shida yoyote. Nikalikunja nikaliweka mfukoni. Kosa la pili: kumuuliza mlezi mbele ya anayemlea. Nililijua kwa wagonjwa wengine wote, sijui kwa nini kwake sikulifikiri.

Tukahamia jikoni. Fizio akachukua nyuma ya karatasi ile ile akamwambia nipe siku yako, kutoka adhana ya alfajiri. Alfajiri mpaka saa mbili, biashara na watoto. Saa mbili uji, dawa, kumuogesha, kubadilisha shuka, kufua. Adhuhuri kupika, kumlisha tena taratibu manake akimeza haraka anapaliwa. Alasiri ndo mkokoteni wa maji unapita, mitungi sita. Magharibi watoto. Isha kukanda. Usiku kumgeuza. Akatazama karatasi imejaa akacheka, "Kumbe hata choo sikuandika."

Kiuno kilijieleza chenyewe mara tu fizio alipomwambia amgeuze mavyaa tuone. Kitanda kiko chini, usawa wa magoti, na yeye anainama anamkumbatia kifuani anamvuta mzima mzima. Tukatafuta matofali manane, mawili kila mguu wa kitanda, kikapanda usawa wa nyonga. Halafu leso mbili zikatandikwa chini ya mgonjwa kutoka mabegani mpaka mapajani, unakunja goti la mbali, unashika leso karibu na mwili wake, unavuta leso kuja kwako badala ya kuvuta mtu. Akajaribu mara tatu. Ya tatu mavyaa aligeuka kama mlango. Tulipomgeuza tukaona kidonda juu ya makalio, kidogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, kimeanza kufunguka ngozi. Mkazamwana alikuwa anakijua. Alikuwa anakificha, anaogopa mawifi wataona hamlei.

Kikao

Hapa ndo kosa la tatu. Niliona wazi kwamba haja kubwa ni mtu wa pili, hata siku moja kwa wiki. CHP alikuwa na namba ya wifi wa Mtwapa, nikampigia mimi mwenyewe nikamwambia tungependa familia ikae. Sikumuuliza mkazamwana kwanza. Nilidhani namsaidia. Wifi akaelewa kwamba ametangazwa hospitali, akaja siku hiyo hiyo na maneno yake, na kwa wiki nzima mkazamwana hakushika simu ya CHP wala hakuja kupimwa. Mtu mwenye PHQ-9 ya 13, na mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Aliyetengeneza ni baba mdogo wa mume, mzee mpole, anaswalisha msikiti wa pale karibu. Sista alikwenda kumuomba msamaha mkazamwana na akamuuliza kama angetaka kikao, na nani akiite. Akamtaja mzee huyo. Kikao kikakaliwa Ijumaa baada ya swala, mume yuko kwenye simu ya spika kutoka njiani. Mimi nilikaa mkekani sikusema zaidi ya dakika tano: nikaeleza stroki, dawa, kumgeuza kila saa mbili. Ya mkazamwana sikugusa. Mzee ndiye aliyesema lililobadilisha hewa ya chumba, kwamba mama ni wa watoto wake, mkazamwana anafanya kwa hisani, na hisani haihesabiwi deni. Wifi wa Mtwapa akalia. Akasema Jumamosi na Jumapili atakuja yeye, akafundishwa leso hapo hapo.

Baada ya miezi sita

Presha ya mavyaa 146/84, kidonda kimefunga, choo kinakwenda, mkojo haujarudi kuwa mbaya. Pampasi ya usiku imerudi moja, wakati mwengine mbili. Mkazamwana presha 134/84 akiwa kwenye dawa, PHQ-9 saba, na swali la tisa sasa ni hapana. Kiuno bado kinauma siku za kufua. Kuamka usiku kumeshuka mpaka mara mbili, sababu mtoto mkubwa, wa kiume miaka 15, alijifunza leso kwa kutazama na zamu ya saa tano usiku anaichukua yeye. Hilo hatukulipanga sisi.

Wifi wa Mtwapa alikuja wikendi saba. Kisha harusi, kisha mtoto mgonjwa, kisha ikafa. Anatuma pesa ya dobi sasa, na mkazamwana anasema hiyo ni afadhali, manake wifi akija anapanga upya vyombo vyote.

Upande wa pesa za serikali hatukufika mbali. Inua Jamii ya wazee inataka miaka 70, mavyaa hajafika. Upo mlango wa watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 hizo hizo kwa mwezi, lakini kwanza apimwe ulemavu na asajiliwe, yaani tuktuk na vijana wawili tena. Walienda. Wanangoja. SHA, bima ya afya ya serikali, tumewasajili wote, na huku chini kwenye dispensari hawalipi kitu, ila akilazwa juu bila michango itakuwa habari nyengine.

Ninavyokisoma kisa hiki

Swali la sista limenikaa sana. Nikitazama nyuma, maneno "jana usiku" yalifanya kazi sababu hayamuombi mtu atoe hukumu juu ya nyumba yake. Ukiuliza unahitaji nini, unamtaka akiri kwamba ameshindwa. Ukiuliza jana umeamka mara ngapi, anahesabu tu, na ndani ya hesabu haja zinajitokeza zenyewe, tena zinakuja na sababu zake. Sisi tungeandika "anahitaji elimu ya dawa". Alichohitaji ni wakati mmoja ulioandikwa kwenye bahasha, matofali manane na mtu wa kumgeuza mavyaa saa tano. Elimu ya dawa angepewa angeitikia na dawa angeendelea kuiacha, manake pampasi zingebaki zile zile tatu.

Zarit siilaumu, ni chombo kizuri na kuna toleo fupi la maswali 12, nalitumia siku hizi na walezi wengine, nje, chini ya mwarobaini, mgonjwa hayupo. Lakini sianzi nalo. Naanza na siku, kisha nikihitaji namba ya kufuatilia ndo natoa karatasi.

La kikao linaniuma zaidi. Tumezoea kusema familia ni rasilimali, na kweli ni rasilimali, lakini kwa huyu mwanamke familia ilikuwa pia ndo chanzo cha kuficha kidonda. Siri ya mlezi ni siri kama ya mgonjwa mwengine yeyote. Angekuwa amekuja na kisonono nisingempigia wifi wake, sasa kwa nini uchovu wake niliuchukua kama mali ya ukoo? Nadhani kwa sababu kichwani mwangu bado hakuwa mgonjwa, alikuwa "jamaa" wa daftari la mtu mwengine.

Uingereza wana sheria ya mwaka 2014 inayompa mlezi haki ya kutathminiwa mahitaji yake mwenyewe, kando na ya mgonjwa. Sisi tulichonacho ni sheria ya afya ya msingi ya 2023 na CHP wanaoingia majumbani, na huyo CHP ndo jicho ambalo kituo hakina, bila yeye ningekuwa bado nasoma "hali nzuri". Ila naye alienda kumpima mavyaa tu. Hakuna aliyemwambia akimaliza amfunge mkono mkazamwana pia, dakika mbili, mashine iko pale pale. Sasa anafanya.

Hapa kwetu tumechongesha muhuri mjini, una mistari miwili: anayechukua dawa ni nani wa mgonjwa, na jana usiku aliamka mara ngapi. Tunaupiga kila anapokuja mtu kuchukua dawa za mwengine. Siku za foleni ndefu haupigwi, nakiri, na Jumatatu zote ni foleni ndefu. Akijibu mara tatu au zaidi anafunguliwa daftari lake na kupimwa presha. Mpaka sasa tumefungua kumi na moja. Wanaume ni wawili, mmoja analea mke mwengine analea baba, na ukiwauliza lile swali wote wawili wanacheka kwanza, kisha wanatazama mlango kama umefungwa.